Kikapu cha Masista: Hotuba ya Katibu wa Kwaya katika Jubilei ya Miaka 25





Kamati ya jubilei imegawa kazi vizuri. Mwenyekiti ametusimulia historia ya kwaya yetu. Mweka hazina atasoma hesabu baadaye, na najua wengi mnaisubiri hiyo kwa masikio yaliyosimama. Walimu wa kwaya hawana haja ya kuhutubu kwa sababu nyimbo zimekwisha wahutubia. Mimi nimeachiwa swali moja tu: katika furaha hii yote, fungu la maskini liko wapi?

Nianze na neno lenyewe, jubilei. Tukisoma Kitabu cha Walawi, sura ya 25, tunakuta kwamba mwaka wa hamsini ulitangazwa kwa kupulizwa pembe. Waimbaji, hapo tufurahi kidogo: jubilei ilianza kwa sauti. Lakini tuangalie pembe ile ilikuwa inatangaza nini. Ilitangaza kwamba aliyeuza shamba la baba yake kwa umaskini analirudia, na aliyejiuza utumwani anarudi kwa jamaa zake. Pembe ililia, na maskini akapata nafuu. Kama pembe ingelia na maskini akabaki pale pale alipokuwa, ingekuwa kelele tu. Sisi tumefika nusu ya hamsini. Tumepuliza pembe tangu asubuhi, na tumeipuliza vizuri. Sasa tuulizane ni nani atakayepata nafuu.

Kamati imependekeza, na mimi nimetumwa kulieleza pendekezo hilo, kwamba kuanzia mwaka huu kwaya yetu iwe rafiki wa kudumu wa Masista Wadogo wa Maskini, ambao wengi tumewazoea kwa jina la Little Sisters of the Poor. Ndio wanaotunza Nyumba ya Wazee kule Kasarani, Nairobi. Wengine wenu mmepita pale katika Barabara ya Thika mara nyingi bila kujua ndani ya ua ule kuna nini. Ndani kuna wazee wasio na mali na wasio na wa kuwatunza, wanaoishi na masista kama watu wa nyumba moja.

Naomba niwasimulie masista hawa walitoka wapi, maana ni vigumu kumpenda mtu usiyemjua.

Mwanzilishi wao anaitwa Mtakatifu Jeanne Jugan. Alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1792 huko Cancale, mji wa wavuvi katika pwani ya Ufaransa. Baba yake alikuwa mvuvi, akapotea baharini Jeanne akiwa bado mtoto mdogo. Mama akabaki na watoto wa kulea peke yake. Hadithi hiyo hata hapa kwetu tunaijua, jina la ziwa au la bahari ndilo linalobadilika. Jeanne alipokua akaenda kuwa mfanyakazi wa jikoni katika nyumba ya matajiri, baadaye akahudumu hospitalini katika mji wa Saint-Servan. Hakuwa na elimu kubwa wala shamba, na hakuwa mtawa. Alikuwa msichana wa kazi.

Katika majira ya baridi ya mwaka 1839, Jeanne akiwa na umri wa miaka 47, alimkuta mama mzee kipofu aliyepooza upande mmoja, hana wa kumwangalia. Jina lake lilikuwa Anne Chauvin. Jeanne hakuitisha mkutano wala hakuunda kamati. Alimchukua yule mzee, akampandisha nyumbani kwake, akamlaza kwenye kitanda chake mwenyewe, naye akaenda kulala darini. Shirika lote lilianzia hapo, kwenye kitanda kimoja kilichobadilisha mwenyewe.

Baada ya huyo akaja wa pili, na wa tatu. Wanawake wengine wakajiunga na Jeanne. Mwaka 1841 walihamia nyumba kubwa zaidi, na punde wazee wakawa 12. Sasa ikaja shida ambayo kila mama hapa anaijua: sufuria ni ile ile, midomo imeongezeka. Wale wazee wengi wao walikuwa wamezoea kuomba mitaani. Jeanne akaona si heshima mzee aliyechoka azunguke na baridi akinyoosha mkono. Akaamua kwamba yeye ndiye atakayeomba kwa niaba yao. Akashika kikapu, akaanza kupiga hodi mlango kwa mlango.

Ndugu zangu, sisi tunaojua kuandika kadi za harambee tunajua kuomba kulivyo kugumu. Unatuma ujumbe kwa watu 50, wanasoma 48, wanajibu 5, na wawili kati ya hao wanakuambia watakuona mwisho wa mwezi. Jeanne aliyapata hayo na zaidi. Inasimuliwa kwamba siku moja bwana mmoja alikasirika akampiga. Jeanne akamshukuru, akamwambia kwamba pigo lile lilikuwa lake yeye mwenyewe, sasa tafadhali ampe na kitu cha maskini wake. Mwaka 1845 Chuo cha Taaluma cha Ufaransa kilimpa tuzo kwa wema wake, zawadi ya faranga 3,000. Mnajua alivyoitumia habari ya tuzo hiyo? Aliichukua akawa anawaonyesha watu alipokwenda kuomba, ili wamwamini. Hata sifa aliitia kikapuni.

Lakini sehemu inayonigusa zaidi mimi kama mwanakwaya ni hii ifuatayo. Shirika lilipoanza kukua, padre aliyekuwa mlezi wake alimwondoa Jeanne katika uongozi, akajitangaza yeye kuwa ndiye mwanzilishi. Mwaka 1852 Jeanne akaitwa nyumba ya malezi, akakaa huko miaka 27 iliyobaki ya maisha yake, bila cheo. Vijana waliokuwa wakiingia utawani walimwona kama bibi mzee tu, wengi wasijue kwamba bila yeye wasingekuwa pale. Alifariki tarehe 29 Agosti 1879, akiwa na miaka 86, huku shirika likiwa na masista wapatao 2,400. Kweli ilikuja kujulikana baadaye. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri mwaka 1982, na Papa Benedikto wa Kumi na Sita akamtangaza Mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009.

Nasema hili linatugusa wanakwaya kwa sababu sisi tunajua ugomvi wa nani aliimba sehemu ya peke yake, nani picha yake iko mbele kwenye kalenda, na nani alitunga halafu akasahaulika. Jeanne alisahaulika miaka 27, na wazee waliendelea kulala kitandani na kula. Kwake hilo lilitosha.

Sasa nieleze jinsi kazi yao inavyokwenda, ili tusitoe kwa huruma ya kupita. Masista hawa huweka nadhiri tatu tunazozijua, za ufukara, useja na utii. Kisha huweka ya nne, nadhiri ya ukarimu, yaani kuwapokea na kuwatunza wazee maskini. Wanawapokea bila kuuliza dini wala kabila. Mzee anaoshwa, anavishwa, analishwa, anazungumziwa, na siku ya kufa hafi peke yake. Sista anakaa kando ya kitanda akisali mpaka mwisho.

Na pesa? Hapa ndipo wengi tunapokosea tukidhani masista wana mfuko mkubwa ng'ambo. Mwaka 1865 shirika hili liliamua rasmi kutokuwa na mapato ya kudumu, na Jeanne, ingawa alikuwa amewekwa pembeni, aliulizwa maoni yake akaunga mkono. Waliamua kuishi kwa kile Mungu atakachowaletea kwa mikono ya watu, siku kwa siku. Ndiyo maana mpaka leo wapo masista ambao kazi yao ni kwenda sokoni, madukani na parokiani kuomba. Ni desturi yao pia kuweka mbele ya sanamu ya Mtakatifu Yosefu mfano wa kitu kilichopungua jikoni, wakisubiri aguse moyo wa mtu. Wenzangu, huyo mtu ambaye Mtakatifu Yosefu anamtafuta ana jina na namba ya simu. Huenda leo amevaa sare ya kwaya.

Wakati wa kulizungumza pendekezo hili, wanakwaya waliuliza maswali. Ni maswali mazuri, na ninayajibu hapa mbele ya wote.

La kwanza: je, sisi Waafrika tangu lini tukapeleka wazee kwenye nyumba? Si ni aibu? Jibu langu ni kwamba mzee mwenye watoto, akiwa na kitanda na uji kwa mwanawe, mahali pake ni hapo. Masista hawaji kumnyang'anya mtu mama yake. Katiba yetu ya mwaka 2010, Ibara ya 57, inasema mzee ana haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na jamaa zake na Serikali. Jamaa wanatajwa waziwazi. Lakini tukubali yaliyo mbele ya macho yetu. Sensa ya 2019 ilihesabu Wakenya wapatao milioni 2.7 wenye miaka 60 na zaidi. Miongoni mwao kuna aliyezika watoto wake wote. Kuna aliyefanya kazi za nyumba mjini miaka 40, hakuolewa, na shamba la kwao limegawanywa bila yeye. Kuna ambaye watoto wake wenyewe wanalala na njaa. Serikali inatoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi kupitia Inua Jamii, nasi tunashukuru, ila shilingi 2,000 haziwezi kumgeuza mgonjwa kitandani usiku. Aibu haiko kwa mzee kupokelewa na masista. Aibu ni mzee kukosa wa kumpokea.

La pili: kinanda chetu kimezeeka, vitufe vingine havilii, na sare za soprano zimepauka. Si tuanze na sisi? Hili nalijibu kwa uangalifu kwa sababu mimi mwenyewe nakisikia kinanda hicho kila Dominika. Tunahitaji kinanda. Tutanunua kinanda. Kamati haijasema tuimbe bila ala. Imesema fungu la kumi la mapato ya leo litengwe kwanza, kabla hatujalipa chochote, na sehemu tisa zibaki kwa mahitaji yetu. Kama sehemu tisa hazitoshi kinanda, basi hata kumi zisingetosha, na tutafanya harambee nyingine. Mnamkumbuka mjane wa hekaluni na sarafu zake mbili. Yesu hakusema angoje kwanza ajinunulie shuka jipya. Wahenga nao walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

La tatu, ambalo liliulizwa kwa sauti ya chini: je, kwa nini tuende Kasarani wakati tuna wazee wetu hapa hapa? Swali hili ndilo lililonikosesha usingizi.

Katika kijitabu hiki mtaona orodha ya waanzilishi wa kwaya. Mmoja wao ni mama aliyetufundisha sauti ya pili, wengine wetu tukiwa bado watoto tunaokaa chini kwenye mkeka. Hayupo leo. Miguu haimpeleki tena. Tulipokwenda kumpelekea kadi ya mwaliko alifurahi sana, akauliza alto wako wangapi siku hizi, akataka tumwimbie kitu, nasi tukaimba. Tulipokuwa tukiaga, akatuomba jambo moja. Hakuomba pesa. Aliomba tumsogezee mtungi wa maji karibu na kitanda, kwa sababu anayekuja kumwangalia hufika jioni.

Tulitoka pale kimya, kwaya nzima ya watu tisa.

Basi jibu langu ni hili: haya si mambo mawili ya kuchagua. Masista hawatusaidii kusahau wazee wetu. Wanatufundisha jinsi ya kuwakumbuka. Jeanne alianza na mzee mmoja, kwenye kitanda kimoja, karibu na mlango wake. Kwaya inayopeleka unga Kasarani huku mwanzilishi wake akikosa maji kitandani itakuwa inaimba nje ya ufunguo. Na kwaya inayoangalia wa kwake tu, ikafunga mlango, itakuwa imeimba ubeti wa kwanza ikaketi.

Kwa hiyo pendekezo la kamati lina sehemu nne, na litapigiwa kura katika mkutano mkuu.

Kwanza, fungu la kumi la makusanyo ya jubilei ya leo lipelekwe kwa masista wa Nyumba ya Wazee, na risiti ibandikwe kwenye ubao wa matangazo ya parokia kila mtu aione.

Pili, kila mwanakwaya atoe shilingi 50 kwa mwezi. Mimi ni mwalimu, mnivumilie na hesabu. Tuko wanakwaya 40. Hamsini mara 40 ni shilingi 2,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni shilingi 24,000. Shilingi 50 ni nauli fupi ya matatu au chai na mandazi. Asiye nazo mwezi huo asikae nyumbani kwa aibu. Aje mazoezini kama kawaida, mweka hazina hatataja jina lake. Haba na haba hujaza kibaba.

Tatu, kila baada ya miezi mitatu twende Kasarani wenyewe. Tupige simu kwanza tuulize kinachohitajika, tusipeleke magunia ya kitu walicho nacho tele. Mara nyingi nyumba ya wazee huhitaji vitu ambavyo hatuvifikirii: sabuni ya kufulia, mafuta ya kujipaka, nepi za watu wazima, shuka. Na tukifika tusiimbe tu tukaondoka. Tuketi. Tuwaulize wazee nyimbo zao, wao walikuwa wakiimba kabla sisi hatujazaliwa. Kuhusu simu zetu, naomba tuziache mfukoni. Mzee hakuitwa awe picha ya ukurasa wa mtu.

Nne, na hii ianze wiki hii bila kungoja kura: kila sauti imchukue mwanzilishi mmoja au wawili walio hai na wasiojiweza. Alto wamekwisha niambia mama yetu ni wao. Wamepanga zamu ya asubuhi, ya maji na uji. Besi, tenori na soprano, nangoja majina yenu kabla ya mazoezi ya Jumamosi.

Nchi yetu haikosi mfano wa masista. Wazee wa Nyeri bado wanamtaja Sista Irene Stefani, Mkonsolata kutoka Italia, waliyempa jina la Nyaatha, mama wa huruma. Alihudumia wabebaji mizigo wagonjwa katika Vita Kuu ya Kwanza, akafundisha na kutembelea wagonjwa huko Gikondi, na mwaka 1930 akafa kwa tauni baada ya kumhudumia mgonjwa wa tauni. Alipotangazwa Mwenye Heri kule Nyeri, Mei 2015, umati ulifurika na kwaya ziliimba. Masista huishi hivyo kila siku bila umati. Kwa kawaida hatuwaoni mpaka wanapokufa. Afadhali tuwabebee kikapu wakiwa hai.

Namalizia kwa shukrani. Asante Baba Paroko kwa kutulea. Asanteni waumini kwa kutuvumilia miaka 25, hata zile Dominika tulizoanza wimbo juu mno na nyinyi mkashindwa kutufuata. Asanteni waanzilishi, mlio hapa, mlio vitandani, na mliotangulia mbele ya Mungu. Kikapu cha leo kitapita mikononi mwenu baada ya Komunyo, na wanaokipitisha ni watoto. Naomba kisirudi kikiwa chepesi kuliko sauti zetu.

Mungu awabariki, na Mtakatifu Jeanne Jugan atuombee.

Katibu wa Kwaya